Mtakatifu Yohane Nepomuk: Siri ya Maungamo na Kilio cha Mtoto



Kila mwaka, tarehe 16 Mei, Kanisa la Ucheki na la mahali pengi pa Ulaya ya Kati huadhimisha sikukuu ya Mtakatifu Yohane Nepomuk, padre na mfiadini. Mgeni anayefika katika mji wa Praha na kuvuka daraja kongwe la mawe juu ya mto Vltava huikuta sanamu yake, iliyowekwa hapo mwaka 1683. Amevaa mavazi ya kanoni wa kanisa kuu, ameukumbatia msalaba, na nyota tano zimekizunguka kichwa chake. Katika picha nyingine nyingi huonekana ameweka kidole midomoni. Ndiyo ishara yake: padre aliyekubali kufa kuliko kuitoa siri ya maungamo.

Leo kidole hicho kinawakwaza baadhi ya watu. Katika nchi mbalimbali, wapo waliodhulumiwa utotoni na wahudumu wa Kanisa, na walipothubutu kusema walikutana na ukimya. Hao, pamoja na watunga sheria wanaowasikiliza, wanauliza kama siri ya maungamo si pazia jingine la kuwafichia wakosefu. Swali hilo ni zito, na waliouliza wamelilipia kwa machozi. Hatuna haki ya kulikwepa. Tunaona kwamba maisha ya Yohane Nepomuk, yakisimuliwa jinsi yalivyokuwa, yanatupa njia ya kulijibu kwa unyofu.

Mtoto wa Pomuk

Yohane alizaliwa yapata mwaka 1345 katika mji mdogo wa Pomuk, magharibi mwa Bohemia, karibu na monasteri ya Wasitersiani. Baba yake aliitwa Welflin. Baadaye mji huo ulijulikana kwa jina la Nepomuk, na ndilo jina linaloandamana na mtakatifu huyu hadi leo.

Alizaliwa katika kipindi cha neema kwa Kanisa la nchi yake. Mwaka 1344 Praha ilifanywa kuwa Jimbo Kuu. Mwaka 1348 Mfalme Karolo IV alianzisha hapo Chuo Kikuu, na mwaka 1357 ukaanza ujenzi wa daraja jipya la mawe juu ya Vltava. Kijana kutoka mji mdogo, mwenye akili na asiye na ukoo mkubwa wa kumbeba, aliweza kupata nafasi yake katika mji huo uliokuwa ukikua.

Yohane aliipata kwa njia ya kalamu. Mnamo mwaka 1370 tayari alikuwa mthibitishaji wa hati katika ofisi ya Askofu Mkuu wa Praha. Kazi yake ilikuwa kuandika, kunakili na kuthibitisha: mapadre waliopewa parokia, wosia wa marehemu, mapatano ya mashamba, mashauri ya watu waliokuja kudai haki zao mbele ya Kanisa. Haikuwa kazi ya kusifiwa na watu. Ilimtaka awe mwaminifu kwa kila neno, kwa maana hati iliyopotoshwa ingeweza kumnyima mjane shamba lake.

Padre, mwanasheria na Makamu wa Askofu

Mwaka 1380 Yohane alipata daraja takatifu ya upadre, akakabidhiwa parokia ya Mtakatifu Gallus katika mji mkongwe wa Praha. Alisomea sheria hapo Praha, kisha akaenda Padua, nchini Italia, mahali palipokuwa na walimu mashuhuri wa sheria za Kanisa. Huko wanafunzi waliotoka ng'ambo ya milima ya Alpi walimchagua kuwa mkuu wao, na mwaka 1387 akahitimu udaktari wa sheria za Kanisa.

Aliporudi nyumbani, Askofu Mkuu Yohane wa Jenštejn alimteua mwaka 1389 kuwa Makamu wake Mkuu. Akawa pia kanoni, na mwaka 1390 akapewa madaraka ya shemasi mkuu wa Žatec. Mambo mengi ya uendeshaji wa Jimbo Kuu yalipitia mikononi mwake.

Hapa tunaomba msomaji atulie kidogo, kwa sababu jambo hili husahauliwa na wengi wanaoitazama sanamu yenye kidole midomoni. Sehemu kubwa ya kazi ya Yohane haikuwa kunyamaza. Ilikuwa kusikiliza mashauri, kuyaandika na kuyatolea uamuzi. Ofisi za Kanisa la Praha za nyakati hizo zilituachia vitabu vya mashauri, na ndani yake yamo malalamiko dhidi ya mapadre wenyewe. Kati ya miaka 1379 na 1382, shemasi mkuu Pavel wa Janovice alizungukia parokia akiwauliza waamini juu ya mwenendo wa wachungaji wao, na majibu yao yaliandikwa. Padre mlevi, padre mgomvi, padre aliyeishi kinyume cha nadhiri zake: wote waliandikwa kwa majina, ili mwenye mamlaka ajue na achukue hatua.

Kwa hiyo Kanisa alilolitumikia Yohane lilijua kuwa padre ana masikio ya namna mbili. Liko sikio la kitubio, ambalo humsikiliza mdhambi kwa niaba ya Mungu, na lililosikia halisemwi kamwe. Liko pia sikio la ofisi na la baraza la hukumu, ambalo husikiliza shauri ili haki itendeke, na lililosikia lazima liandikwe na lishughulikiwe. Yohane alikuwa nayo yote mawili. Kama padre wa parokia alikaa kitubioni. Kama Makamu wa Askofu alikaa mezani penye kalamu na mhuri.

Mfalme na Askofu Mkuu

Mfalme wa wakati huo alikuwa Wenceslaus IV, mwana wa Karolo IV. Hakurithi busara ya baba yake. Alikuwa mwepesi wa hasira, akawategemea vipenzi wake, na ugomvi wake na Askofu Mkuu Jenštejn ulizidi kukua mwaka hadi mwaka. Wote wawili walikuwa watu wagumu, na kila mmoja aliona kuwa mwenzake anaingilia mamlaka yake.

Mwanzoni mwa mwaka 1393 ugomvi huo ulipata cheche. Mfalme alitaka kuanzisha Jimbo jipya magharibi mwa Bohemia na kumweka hapo askofu wa upande wake. Mali ya kuliendesha ingetokana na abasia tajiri ya Wabenediktini ya Kladruby, mara abate mzee aliyekuwa akiiongoza atakapofariki. Abate alipofariki, watawa walimchagua upesi mwenzao aitwaye Odolen awe abate mpya, kama kanuni zao zilivyowaruhusu. Uchaguzi ulipaswa kuthibitishwa na Jimbo Kuu. Mnamo tarehe 10 Machi 1393, Yohane akiwa Makamu Mkuu aliuthibitisha. Mpango wa mfalme ukavunjika kwa mhuri mmoja.

Mtu angeweza kuona kuwa hili lilikuwa jambo la makaratasi tu. Lakini nyakati zote wenye nguvu huwaomba watu wa makaratasi wafumbe macho mara moja tu, kwa ajili ya amani. Yohane hakufumba. Watawa walikuwa na haki, sheria ilikuwa wazi, naye akatia mhuri.

Usiku wa tarehe 20 Machi

Mfalme alirudi Praha akiwaka hasira. Tarehe 20 Machi Askofu Mkuu na washauri wake walikutana naye kwa matumaini ya kupatana, lakini mkutano uligeuka kuwa vurugu. Askofu Mkuu aliokolewa na watu wake akakimbilia kwenye ngome yake ya Roudnice. Wasaidizi wake hawakubahatika. Mfalme alimpiga kichwani kwa mpini wa upanga dekano mzee Bohuslav, na watu kadhaa wakakamatwa, miongoni mwao Nikolaus Puchnik, hakimu wa Jimbo Kuu, na Yohane.

Wafungwa waliteswa usiku huo. Yohane ndiye aliyeumizwa kuliko wote. Taarifa ya Askofu Mkuu inasimulia kwamba mfalme mwenyewe alishika mwenge na kumchoma ubavuni. Wengine walilazimishwa kuapa kwamba hawatasema lolote juu ya yaliyowapata, wakaachiliwa. Tuzingatie hilo vizuri: aliyetesa ndiye aliyetaka ukimya, ili uovu wake usijulikane. Kwa Yohane kiapo hakikuwa na kazi tena, maana majeraha yake yalikuwa ya kufa. Akafungwa, akapelekwa hadi kwenye daraja la mawe, na katika giza la jioni akatupwa mtoni. Alikuwa na umri wa karibu miaka 48.

Mwili wake ulionekana mwezi wa Aprili, ukazikwa katika kanisa la Msalaba Mtakatifu karibu na mto, na baada ya miaka michache ukahamishiwa katika kanisa kuu la Mtakatifu Vitus, ambako umelala hadi leo. Askofu Mkuu Jenštejn alisafiri hadi Roma, akamwandikia Papa Bonifasi IX mashtaka marefu juu ya matendo ya mfalme, na humo akamwita Yohane mfiadini. Waamini wa Praha nao walianza kumwita hivyo, na kaburi lake likawa mahali pa sala.

Mapokeo juu ya maungamo ya malkia

Hadi hapa tumefuata maandishi ya wakati wake, na msomaji ameona kuwa hatujataja maungamo. Mashtaka ya Askofu Mkuu hayakuyataja. Habari hiyo inaonekana katika maandishi ya karne ya 15, miongo kadhaa baada ya kifo chake. Thomas Ebendorfer, mwalimu wa Chuo Kikuu cha Vienna, ni miongoni mwa wa kwanza kuandika kwamba Yohane alikuwa padre muungamishi wa malkia, kwamba mfalme alimshuku mkewe na kutaka kujua anaungama nini, na kwamba Yohane alikataa katakata kumwambia.

Mwaka 1541 mwandishi Václav Hájek aliieneza habari hiyo katika kitabu chake cha historia ya Bohemia, lakini akakosea mwaka wa kifo kwa miaka 10, akaandika 1383. Kosa hilo liliwafanya wengine wadhani kuwa palikuwa na mapadre wawili wenye jina hilo, waliouawa kwa namna moja na mfalme mmoja. Karne zilizofuata zilijaa ubishi. Mwaka 1719 kaburi lilipofunguliwa, ilionekana tishu iliyodhaniwa kuwa ulimi usiooza, na ibada kwake ikapata nguvu mpya. Uchunguzi wa kitaalamu uliofanywa katika karne ya 20 ulionesha kuwa tishu ile ilikuwa ya ubongo. Papa Inosenti XIII alimtangaza mwenye heri mwaka 1721, na Papa Benedikto XIII akamtangaza mtakatifu tarehe 19 Machi 1729, miaka 336 baada ya kifo chake.

Je, mapokeo hayo yapunguzwe thamani? Sisi hatuoni hivyo, wala hatuoni haja ya kuficha kwamba wanahistoria wanayajadili. Mtakatifu hasaidiwi kwa kuongezewa yasiyo na uhakika. Maandishi ya wakati wake yanatuonesha mtu ambaye mfalme alimtesa na kumwua kwa sababu ya tendo halali la Kanisa. Mapokeo yanatuonesha mtu ambaye mfalme hakuweza kuufungua mdomo wake juu ya dhamiri ya mwingine. Uso ni ule ule. Katika yote mawili, mwenye nguvu alitaka kuingia mahali pasipo pake, na padre akasimama mlangoni.

Siri hii ni ya nani?

Yohane, akiwa daktari wa sheria za Kanisa, aliijua vema kanuni ya Mtaguso wa Nne wa Laterano wa mwaka 1215. Mtaguso huo uliwaagiza waamini wote waliofikia umri wa kupambanua mema na mabaya waungame walau mara moja kwa mwaka. Papo hapo uliamuru kwamba padre atakayefichua dhambi aliyoisikia katika kitubio avuliwe madaraka yake na afungiwe katika monasteri yenye masharti makali afanye toba maisha yake yote. Amri hizo mbili zilitolewa pamoja kwa sababu moja haiwezi kusimama bila nyingine. Huwezi kumdai mtu aifungue roho yake kama hujamhakikishia kuwa aliyofungua hayatatoka nje.

Sheria hiyo ingali hai. Kanuni namba 983 ya Mkusanyiko wa Sheria za Kanisa inasema kuwa siri ya kitubio haivunjwi, na kwamba padre muungamishi hawezi kumsaliti anayetubu kwa neno, kwa ishara au kwa namna yoyote, kwa sababu yoyote ile. Mkalimani na yeyote aliyesikia kwa bahati wanabanwa pia. Kanuni namba 1386, kama ilivyorekebishwa mwaka 2021, inamtenga na Kanisa papo hapo padre anayeivunja siri hiyo moja kwa moja. Papa mwenyewe hawezi kumruhusu padre aseme.

Kwa nini ukali huo? Kwa sababu siri hii si mali ya padre, wala si heshima ya cheo chake, wala si ukuta wa kuilinda taasisi. Katika kitubio padre anasikia kwa niaba ya Kristo. Alichosikia hakukipokea kama mtu wa serikali, wala kama rafiki, wala kama mkuu wa ofisi. Ni neno kati ya mdhambi na Mungu wake. Ndiyo maana hawezi kulitumia hata katika kuongoza parokia.

Sheria za nchi na kilio cha wadhulumiwa

Katika miaka ya karibuni siri hii imeingia mabungeni. Nchini Australia, Tume ya Kifalme iliyochunguza namna taasisi zilivyoshughulikia dhuluma za kijinsia dhidi ya watoto ilitoa taarifa yake ya mwisho mwezi Desemba 2017, ikapendekeza wahudumu wa dini wabanwe na sheria ya kutoa taarifa, hata kwa yale waliyoyasikia katika maungamo. Bunge la Victoria lilipitisha sheria ya namna hiyo mwaka 2019, na la Queensland mwaka 2020. Nchini Marekani, Washington ilitunga sheria inayofanana nayo mwezi Mei 2025, lakini mwezi Julai mwaka huo mahakama ya shirikisho iliizuia isitumike kwa mapadre kuhusu yale wanayoyasikia kitubioni.

Tusiwaone waliotunga sheria hizo kuwa maadui wa imani. Tume ya Australia iliwasikiliza maelfu ya watu waliodhulumiwa. Ilisikia habari za watoto waliojaribu kusema kitubioni wasipate msaada, na za wakosefu waliotafuta maondoleo kisha wakarudia uovu. Mkristo anayesikia hayo na kukimbilia kutetea haki za Kanisa kabla ya kumlilia mtoto, hajausikia Moyo wa Kristo, ambaye aliwakumbatia watoto na kuwaonya vikali wanaowakosesha.

Hata hivyo, tunapaswa kusema kwa unyenyekevu kwa nini Kanisa haliwezi kuilegeza siri hii. Mkosefu akijua kuwa padre atamripoti, hatakwenda kwa padre, na mlango wa mwisho ambao angeweza kukutana na mtu wa kumzuia na kumwamsha dhamiri utafungwa. Zaidi ya hapo, hata mtoto au mtu mzima anayebeba jeraha la utotoni anahitaji mahali pamoja duniani ambapo anaweza kusema bila kuogopa kwamba maneno yake yatachukuliwa na kupelekwa asikokutaka.

Padre aliye kitubioni hajafungwa mikono. Maelezo yaliyotolewa na Idara ya Toba ya Kitume mwezi Julai 2019 yanafundisha kwamba haiwezekani kumlazimisha anayetubu ajisalimishe kwa dola kama sharti la maondoleo. Lakini toba ya kweli, yenye nia thabiti ya kuacha uovu, ni sehemu ya Sakramenti yenyewe, na pasipo toba hiyo hakuna maondoleo. Kama anayeungama ni mtu aliyetendewa uovu, padre anapaswa kumfahamisha haki zake na njia za kufikisha shauri mbele ya sheria za nchi na za Kanisa. Kwa mtoto, hatua ya busara ni kumhakikishia kuwa hana kosa, na kumwomba kwa upole arudie habari hiyo nje ya kitubio, au amweleze mtu mzima anayemwamini. Akishasema nje, mlango wa msaada uko wazi.

Mahali ambapo siri ni dhambi

Sasa turudi kwa Makamu wa Askofu aliyekaa mezani na kalamu yake. Siri ya maungamo ina mipaka iliyo wazi: ni yale yaliyosemwa katika Sakramenti, basi. Aliyoyaona katekista darasani hayamo. Barua iliyoandikwa kwa paroko haimo. Yaliyosikika ofisini, sakristia, shuleni, katika kwaya au katika jumuiya ndogondogo ya Kikristo hayamo. Mtu hawezi kumfunga padre mdomo kwa kumwambia jambo barazani na kulibatiza jina la maungamo.

Lazima tukiri kwamba sehemu kubwa ya aibu iliyolipata Kanisa ilitokea hapo nje. Malalamiko yaliletwa kwa njia ya kawaida, mezani, na mezani hapo yakafichwa. Wakosefu walihamishwa kutoka parokia moja hadi nyingine. Familia ziliombwa zinyamaze ili jina la Kanisa lisichafuke. Huo haukuwa ukimya wa Yohane Nepomuk. Ulifanana zaidi na kile kiapo ambacho mfalme aliwatoza watu aliowatesa.

Kanisa limeanza kutubu kwa matendo. Kwa Barua Binafsi Vos estis lux mundi ya mwezi Mei 2019, iliyothibitishwa upya mwaka 2023, Baba Mtakatifu Fransisko aliwaagiza mapadre na watawa wote wanaopata habari za dhuluma hizo wazifikishe upesi kwa mamlaka ya Kanisa, bila kugusa yale ya kitubio na bila kuondoa wajibu wao mbele ya sheria za nchi. Anayetoa taarifa haruhusiwi kuwekewa sharti la kunyamaza. Mwezi Desemba 2019 aliondoa siri ya Kipapa katika mashauri ya aina hiyo. Kwa hiyo siri ya Kipapa iliondolewa, na siri ya maungamo ikabaki. Yohane, aliyezijua meza zote mbili, angeuelewa uamuzi huo.

Nasi waamini tunahusika. Nchini Tanzania, Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamtaka kila mwanajamii mwenye habari kwamba haki za mtoto zinavunjwa atoe taarifa kwa mamlaka ya serikali za mitaa. Ziko ofisi za ustawi wa jamii, lipo dawati la jinsia na watoto katika vituo vya polisi, na iko namba 116 ya kupiga bure kwa ajili ya mtoto. Mtu asiseme kuwa anamwachia paroko, wala kuwa mambo ya nyumbani yamalizwe nyumbani kwa faini ya mbuzi. Hakuna Mkristo anayelindwa na siri ya maungamo kwa jambo aliloliona kwa macho yake.

Tunapoitazama tena picha yake yenye kidole midomoni, tukumbuke basi kwamba kidole kile kimewekwa midomoni mwa mtu aliyefanya kazi ya kusikiliza mashauri ya wanyonge, na aliyeuawa kwa kutia mhuri ukweli ambao mfalme hakuupenda. Alinyamaza mahali ambapo Mungu alitaka anyamaze, na mahali pengine pote alitenda haki hadi mwisho. Tuwaombee mapadre wetu wapewe neema hizo mbili, na sisi wenyewe tupewe masikio ya kumsikia mtoto anapolia, na ujasiri wa kwenda kusema.

Mtakatifu Yohane Nepomuk, utuombee.